Nani atasema kwenye televisheni kwamba wali haukuiva?

Vipindi vya chakula vimejaa kwenye televisheni zetu, na karibu vyote vinaishia pale pale. Mtangazaji anaingia mgahawani na mpiga picha wake, mwenye mgahawa anawapokea kwa bashasha, sahani inaletwa imepambwa kwa vipande vya nyanya na tango. Mtangazaji anatia tonge mdomoni, anafumba macho, anatikisa kichwa, anasema ni tamu sana. Kisha linasomwa jina la mgahawa, namba ya simu na mtaa ulipo. Kipindi kimekwisha.

Tangu televisheni za binafsi zianze kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, tumelea wachambuzi wa kila aina. Tuna wachambuzi wa soka wanaomchambua refa mpaka anajuta kushika filimbi. Tuna wachambuzi wa muziki wasiomwogopa msanii yeyote. Lakini mchambuzi wa chakula, mtu anayekula kwa fedha ya kituo chake halafu akatueleza waziwazi kwamba wali haukuiva na samaki alikuwa wa juzi, mimi sijamwona bado.

Naandika haya nikiwa Tanga, na hapa ndipo pengo hilo linaponiuma zaidi. Mji huu umepikiwa na watu wengi. Wadigo wametupa bada, ugali wa muhogo ambao ukiukutanisha na mchuzi wa papa hutaki kingine. Wabondei na Wasambaa wana vyakula vyao vya milimani, Waarabu na Wahindi waliacha pilau, kachori na bajia zikawa zetu kabisa. Mkonge, ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulivuta manamba kutoka pande zote za nchi na nje ya nchi, kila mmoja na namna yake ya kuunga mboga. Machungwa yanashuka kutoka Muheza, mboga za majani kutoka Lushoto, samaki wanapandishwa alfajiri pale Deep Sea. Mji wenye utajiri kama huu unastahili mtu wa kuusemea ukweli, sifa ikiwa ni sifa na aibu ikiwa ni aibu.

Wenzetu walikuwa na watu hao zamani, na maisha ya mmoja wao yanafundisha mengi. Jay Rayner, mhakiki wa migahawa wa Uingereza, alizaliwa London mwaka 1966. Mama yake, Claire Rayner, alianza kazi kama muuguzi, baadaye akawa mshauri maarufu wa matatizo ya watu kwenye magazeti na televisheni za Uingereza, mwanamke aliyezungumzia hadharani mambo ambayo wengine walikuwa wakinong'ona. Mtoto hakwenda kusomea upishi. Alisoma siasa Chuo Kikuu cha Leeds, akahariri gazeti la wanafunzi, na mwaka 1992 akapata tuzo ya mwandishi kijana wa mwaka. Kwa miaka kadhaa aliandika habari za kawaida kabisa: makala za kina, mahojiano, uchunguzi. Ilipofika mwaka 1999 gazeti la The Observer likampa ukurasa wa kuhakiki migahawa, akakaa hapo mpaka mwaka 2025 alipohamia Financial Times.

Televisheni ilimkuta akiwa tayari ana jina. Akaitwa kwenye MasterChef, shindano la mapishi la televisheni, awe mmoja wa wale wahakiki wanaoingia mwishoni kuonja vyakula vya washindani na kusema bila kupepesa. Akawa mleta habari za chakula kwenye kipindi cha jioni cha BBC. Mwaka 2009 akavuka bahari kwenda kuwa mmoja wa majaji wa Top Chef Masters, shindano la wapishi la Marekani. Pembeni anapiga piano ya jazi na ana kundi lake. Redioni, tangu mwaka 2012, anaongoza kipindi kinachozunguka miji na kujibu maswali ya wananchi kuhusu mapishi.

Ninachokiona katika safari hiyo ni ule mwanzo wake. Alikuja kwenye chakula akiwa na mazoea ya mwandishi wa habari: kuuliza, kuhakikisha, kuandika alichokiona, na kutopokea kitu mkononi mwa anayeandikwa. Sisi tunatafuta watangazaji wa vipindi vya chakula kwa sura na sauti, au tunamchukua mpishi mwenyewe. Mpishi anajua kupika, hilo halina ubishi, lakini mpishi ana wenzake, ana aliowafundisha na anaotaka kufanya nao biashara kesho. Ni vigumu sana kwake kusema jiko la jirani limeoza.

Mwaka 2017 Rayner alikwenda Paris, kwenye mgahawa wa Le Cinq ulio ndani ya hoteli ya George V, mgahawa wenye nyota 3 za Michelin, mwongozo maarufu wa migahawa, daraja lake la juu kuliko yote. Mlo wa watu wawili uligharimu euro 600. Akarudi akaandika kwamba katika miaka 18 ya kazi yake hakuwahi kuona mlo mbaya kama ule. Makala hiyo ilisomwa dunia nzima. Wengi waliifurahia kwa sababu ya makali ya kalamu. Mimi naitazama kwa jicho jingine: bili ilikuwa imelipwa. Mtu aliyelipa euro 600 hadaiwi hisani na mtu. Angekula bure, kila sentensi ingekuwa na mkono wa mwenyeji ndani yake.

Kanuni hiyo ina historia. Mwaka 1957 Craig Claiborne alichukua dawati la chakula la New York Times, na katika miaka iliyofuata ndiye aliyeweka misingi ambayo wahakiki wengi waliishikilia: usijitambulishe, nenda zaidi ya mara moja, na gharama ibebwe na gazeti. Kwenda zaidi ya mara moja kuna maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jiko lina siku zake. Mpishi mkuu anaweza kuwa na msiba, gesi inaweza kukata, samaki wazuri wanaweza kukosekana kwa sababu ya pepo kali. Kumhukumu mtu kwa sahani moja ni dhuluma, hata kama sahani ile ilikuwa mbaya kweli.

Hapa kwetu tunajua kinachotokea. Mwenye hoteli anaita waandishi, wanakula, wanapewa bahasha, kesho yake habari inatoka imejaa asali. Siku hizi wamejiunga na vijana wenye simu na wafuasi wengi mtandaoni, na bei zao ziko wazi: picha kiasi hiki, video kiasi hiki. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Tangazo ni kazi halali. Kosa linaanza pale mtazamaji anapoambiwa haya ni maoni wakati ni tangazo lililolipiwa, akachukua mshahara wake wa mwezi, akampeleka mke na watoto Raskazone siku ya Idi, wakala kamba walionywea kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi.

Kuna watakaosema televisheni yenyewe inaua kazi hii. Mhakiki wa gazeti anaweza kujificha, wa televisheni sura yake inajulikana hadi kwa wauza maji. Hoja hiyo ni nzito, na Ruth Reichl, aliyekalia kiti kile kile cha New York Times, aliipa ushahidi mwaka 1993. Alivaa nywele za bandia, akabadilisha mavazi na jina, akaenda Le Cirque, mmoja wa migahawa mikubwa ya New York wakati ule, na akapokewa kama mtu asiye na thamani. Alipokwenda akiwa ametambuliwa, meza ikawa nzuri, huduma ikawa ya kifalme, na hata matunda yaliyokuwa juu ya kitindamlo yakawa makubwa zaidi. Akayaandika yote mawili kwenye makala moja, akaupunguzia mgahawa nyota za gazeti hilo.

Lakini angalia alichokipata. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye meza, kwenye tabasamu na kwenye ukubwa wa matunda. Jiko lisilojua kuunga mchuzi halijifunzi kuunga kwa sababu mtu maarufu ameketi meza ya dirishani. Maharage yaliyochemshwa asubuhi yameshachemshwa. Kwa hiyo mhakiki wa televisheni akitaka kutenda haki, atume wenzake wasiojulikana waende kwanza, mmoja mchana na mwingine usiku, wale, walipe, waweke risiti. Kamera ije mwisho. Na mtazamaji aonyeshwe risiti hizo.

Sasa nije kwenye kikwazo ninachokiheshimu kuliko vyote, kwa sababu hakitokani na fedha. Ukimwambia mzee wa Ngamiani kwamba unataka kijana akae kwenye televisheni akitoa kasoro za chakula, atakujibu kwamba chakula hakitukanwi. Tumelelewa hivyo. Mtoto akikunja uso mbele ya sahani anaambiwa mara moja kwamba kuna wasiokuwa nacho. Na wengi wetu mji huu tunajua hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula kasoro: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Hilo ni fundisho la adabu, na mimi nalishika nyumbani kwangu na ninapoalikwa kwa watu.

Ila Mtume huyo huyo, katika hadithi nyingine iliyopokewa na Muslim, alipita sokoni kwenye lundo la chakula linalouzwa. Akatia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye mali, ni nini hiki? Yule akajibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Akaambiwa, kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Kisha likaja onyo lile linalojulikana, kwamba anayeghushi si katika sisi.

Hadithi mbili hizi hazigongani. Ya kwanza inahusu neema iliyo mbele yako na mkono uliokupikia. Ya pili inahusu bidhaa, bei na mnunuzi asiyeweza kuona kilicho chini ya lundo. Mgahawa ni soko. Mwenye hoteli anayeandika kwenye orodha yake "samaki wa kupaka", akatoza bei ya samaki wa kupaka, amefunga mkataba na mteja. Kutia mkono kwenye lundo lile ni haki ya mnunuzi, na mhakiki anautia mkono huo kwa niaba ya maelfu. Mzee wa Ngamiani nikimweleza hivi kwa heshima, baada ya shikamoo na kahawa, naamini tutaelewana. Kwa sababu yeye mwenyewe akifika sokoni Mgandini hanunui samaki bila kufunua mashavu yake.

Na huyo samaki wa kupaka ngoja nimtumie kama mfano, kwa sababu ndiye anayedhulumiwa zaidi kwenye hoteli za mji huu. Samaki wa kupaka halisi, changu au kolekole, anachanjwa mbavuni, anapakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, anaachwa akolee. Anawekwa juu ya mkaa uliotulia, si wa moto mkali. Huku pembeni nazi imekunwa kwenye mbuzi, ikachujwa, tui la kwanza likawekwa peke yake. Tui hilo linapikwa na ukwaju, pilipili na binzari mpaka linakuwa zito la kushika kijiko, na mpishi anakoroga bila kuacha ili lisikatike. Halafu ndipo anapakwa: safu ya kwanza inakauka juu ya mkaa, inafuata ya pili, ya tatu, mpaka ngozi inafanya utando wa rangi ya dhahabu wenye madoa meusi ya moto. Ukimega, nyama inatoka na utando wake, ina harufu ya moshi na uchachu wa ukwaju kwa mbali.

Linganisha na unacholetewa hoteli nyingi. Samaki alikaangwa asubuhi, akawekwa kwenye chano akisubiri mteja. Mteja akifika, anapashwa, anamwagiwa mchuzi wa nazi ya pakiti uliotiwa rangi. Amepakwa mezani. Ukimgeuza, upande wa chini ni mkavu kama alivyotoka kwenye kikaango, hauna alama ya mkaa wala chembe ya ukwaju. Mgeni kutoka Dodoma hajui tofauti, anakula, anarudi kwao akisema samaki wa kupaka wa Tanga ni kitu cha kawaida tu. Hasara hiyo inamwangukia kila mpishi wa mji huu aliyekaa masaa mawili kwenye moshi akipaka safu ya tatu.

Kipindi cha televisheni kingeweza kuonyesha mambo haya mawili kwa dakika 5, sahani kwa sahani, kamera ikiwa karibu, samaki akigeuzwa. Hapo ndipo televisheni inapolishinda gazeti kwa mbali. Gazeti litaeleza ukavu, televisheni itauonyesha. Bwana afya anakagua choo, maji na vyeti vya wapishi. Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililokabidhiwa masuala ya usalama wa chakula, linatazama kama chakula kitadhuru. Hakuna ofisi ya serikali inayoulizwa kama tui lilikuwa la kwanza au la pili, wala sitaki iwepo. Hiyo ni kazi ya mhakiki.

Kama ningepewa kipindi hicho nikipange, ningekwenda mapema sana kwenye vituo vya mabasi. Uingereza walikuwa na mtu anayeitwa Egon Ronay. Alizaliwa Budapest mwaka 1915, familia yake ikiwa na migahawa, vita na siasa vikaichukua mali yote, akafika London mwaka 1946. Akafungua mgahawa wake, na mwaka 1957 akatoa mwongozo wake wa kwanza wa migahawa. Wakaguzi wake walikula kimya na kulipa. Alikuwa na uwezo wa kubaki kwenye hoteli za matajiri, lakini alishuka mpaka kwenye vituo vya barabara kuu, akaviandama miaka na miaka kwa vyakula vyao vibovu, kwa sababu aliona hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapokula bila kuwa na pa kwenda kwingine. Alifariki mwaka 2010 akiwa bado anatajwa kama mtu aliyewafanya Waingereza wadai chakula bora.

Sisi tuna Segera, tuna Korogwe, tuna Mombo. Basi la kutoka Dar es Salaam linaingia, kondakta anatangaza dakika kumi na tano, abiria wanashuka mbio. Hawakuchagua hoteli ile, dereva ndiye aliyeichagua, na kila msafiri anajua kwamba dereva na kondakta wana sahani yao iliyotengwa nyuma. Abiria anapanga foleni, analipa, anapewa chipsi zilizolegea na paja la kuku lililokaangwa likakauka mpaka mfupa unaonekana, anakula nusu amesimama kwa sababu honi imeshalia. Mama mwenye mtoto mgongoni hana nafasi ya kurudisha sahani. Mtu huyu hatetewi na yeyote. Mhakiki mmoja akipanda basi kama abiria, akala alicholetewa abiria na kukionyesha saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari, wenye hoteli zile watabadilisha mafuta wiki hiyo hiyo.

Kwa mama lishe naweka mpaka. Mwanamke mwenye sufuria mbili na benchi pale Makorora, anayewalisha mafundi na bodaboda, hahitaji televisheni ije imwaibishe. Wali wake ukiungua leo, wateja wake watamwambia wenyewe na kesho atakuwa makini. Akiwa mpishi mbaya, kipindi kimpite tu. Akiwa mpishi mzuri, ndipo kamera iende. Jonathan Gold wa Los Angeles alijenga heshima yake yote kwa njia hiyo: alizunguka kwenye vijigari vya chakula na vibanda vya wahamiaji ambavyo wahakiki wakubwa hawakuvitazama, akaviandikia kwa uzito ule ule wa migahawa ya vitambaa vyeupe. Mwaka 2007 akawa mhakiki wa kwanza wa migahawa kupata tuzo ya Pulitzer. Alifariki mwaka 2018, na wapishi wengi wa vibanda vile walimlilia kwa sababu biashara zao zilisimama kwa kalamu yake.

Tanga ina watu wa kuonyeshwa hivyo. Kuna akina mama wanaochoma vitumbua alfajiri kwa kikaango cha udongo, kuna wazee wa kahawa ambao kashata yao haina mfano, kuna wauza urojo ambao wateja wanavuka mitaa minne kuwafuata huku wakipita wengine njiani. Pangani nako, kando ya kivuko cha kwenda Bweni, kuna samaki wa kukaanga wanaostahili kipindi kizima. Ukali wa mhakiki ndio unaoipa sifa yake uzito. Mtu anayesifu kila kitu, hata akikutana na kitumbua bora kuliko vyote pwani hii, hana neno lililobaki la kukielezea.

Nimesikia wakuu wa vipindi wakisema hakuna bajeti. Sahani mbili za mchana na mbili za usiku, mara mbili kwa mwezi, ni fedha ndogo kuliko mafuta ya gari la kurushia matangazo ya mechi moja. Wanachokiogopa ni kumkosa mdhamini, na hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo waimalize kwenye mkataba. Mkataba wa mhakiki uandikwe kwamba idara ya matangazo haina ruhusa ya kuona kipindi kabla hakijarushwa, kwamba mhakiki akipokea mlo wa bure anaondolewa, na kwamba mgahawa uliokosolewa una haki ya kujibu kwenye kipindi kinachofuata na kurudiwa baada ya miezi sita. Kisha kipindi cha kwanza kifanywe kwenye hoteli inayotangaza biashara yake kwenye kituo hicho hicho.